Mashine ya Tororo

Juzi nilipeleka simu yangu kwa fundi hapa Busia, upande wa Uganda. Juu ya meza yake palikuwa na mashine ya gemu ya zamani, ya kijivu, ile ya sidii, kifuniko kimeng'olewa na matumbo yote yako nje. Fundi aliiwasha kuona kama bado inazunguka. Ikatoa harufu ya vumbi lililopata moto, ya plastiki, na ya waya unaotaka kuungua lakini bado. Vijana wawili waliokuwa wakisubiri zamu yao walikuwa wanabishana kuhusu mashine za siku hizi, ile nyeusi na ile nyeupe, ipi ina gemu za kweli na ipi ni ya kuchezea watoto. Walibishana kwa moyo wote, kama watu wanaogombania shamba. Fundi alinirudishia simu akaniuliza kama kuna kitu kingine. Nikamwambia hapana, lakini miguu haikutaka kuondoka.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka jinsi tulivyokuwa tumegawanyika. Kulikuwa na watu wa kaseti na watu wa sidii. Mashine ya kaseti ilikuwa nyepesi kama sahani ya plastiki. Unachomeka kaseti ya njano juu yake, na ikigoma unaitoa, unaipuliza kwa nguvu, unairudisha. Mpaka leo naijua ladha ya kaseti ile mdomoni, chumvi ya jasho na vumbi. Mashine ya sidii ilikuwa nzito, ilikuja baadaye, na ilikuwa kwenye nyumba chache. Mtu wa sidii alimdharau mtu wa kaseti, na mtu wa kaseti alijitetea kwa namba za gemu zilizoandikwa kwenye karatasi ya kaseti yake.

Kwetu tulikuwa watu wa kaseti. Baba alikuwa akiziba matairi ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na mara kwa mara alivuka upande wa Kenya kutafuta gundi na viraka. Siku moja akarudi na boksi la rangi nyingi lenye picha za magari na ndege na watu wanaopigana, akaliweka mezani kama mtu aliyeona haya. Boksi lile lilikuwa la Ouma, kaka yangu. Mimi nilikuwa nimepewa nafasi ya pili, ya kushika pedi ya kuchezea ile nyingine.

Ouma alikuwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu. Neno hilo nililisikia kabla sijajua kufunga kamba za viatu, nikalizoea kama jina la jirani ambaye sijawahi kumwona. Nilijua tu kwamba Ouma hachezi mpira, hachoti maji asubuhi yenye baridi, weupe wa macho yake una umanjano, na kwamba kila baada ya muda anaenda Tororo. Nyumbani walisema hivyo tu. Baba alizungumza Kisamia, Mama Kidhopadhola, na kati yao kile Kiswahili chetu cha mpakani ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba. Kwa Kiswahili hicho Mama alikuwa akisema, "Ouma nakwenda Tororo," halafu anakunja nguo zake kwenye mfuko.

Tororo ndiko alikokuwa daktari aliyemjua Ouma tangu akiwa mdogo. Lakini Tororo ndiko alikokuwa Mjomba pia, kaka yake Mama, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha simenti. Kila wakitoka hospitali, Ouma alilala kwa Mjomba siku kadhaa ili apate nguvu. Na nyumba ya Mjomba ilikuwa na mashine ya sidii. Ilikuwa ya binti yake, Athieno, ambaye alikuwa mkubwa kuliko sisi na alikuwa na sidii zake kwenye kibegi cha zipu.

Ouma akirudi hakuniambia habari za hospitali hata mara moja. Wala sindano, wala damu aliyoongezewa, wala usiku. Alinihadithia mashine.

"Aji," aliniambia, maana jina langu ni Ajiambo na yeye hakuwahi kulimaliza, "gari likipita kwenye udongo, vumbi linapanda. Unaona vumbi! Na watu wa mpira wana sura. Mtu akikosa goli anashika kichwa."

"Yetu pia ina mpira."

"Yetu ina vijiti vinakimbia."

"Lakini yetu haikawii. Unawasha, inacheza. Wewe mwenyewe ulisema ile ya Athieno unangoja mpaka unasinzia."

"Unangoja, ndiyo. Lakini ukichoka, unaiambia ikumbuke. Ina kadi ndogo, wanaita memori. Kesho unawasha, unaanzia pale pale uliachia. Yetu stima ikienda, umekufa, unaanza upya."

Basi mtoto wa umri wangu angeelewa nini? Kaka yangu anajikunja, analia, anabebwa kwenda Tororo. Anarudi amekonda kidogo, lakini macho yanang'aa, na anachosimulia ni mashine tu. Nilipiga hesabu yangu ya kitoto nikapata jibu: Tororo ni mashine. Kinachompeleka kule ni ile sidii. Sikufikiri kwamba anadanganya kuumwa. Niliona kwa macho yangu jinsi alivyouma shuka. Nilifikiri kwamba ile mashine inamwita, na maumivu ndiyo mwito wenyewe, na kama hapa nyumbani kungekuwa na kitu cha kumtosha, asingeitwa tena.

Kwa hiyo nikaanza kuitetea mashine yetu kama wakili. Nilimwomba Baba kaseti nyingine kila akivuka. Alikuwa hanikatalii. Alileta ya vifaru, akaleta ya mtu anayeruka juu ya mashimo, akaleta ya bata wanaoruka nyikani na bunduki ya plastiki ya kuwapigia. Kisha akaleta ile ya njano yenye namba kubwa mbele, gemu elfu na zaidi ndani ya kaseti moja. Niliishika kwa mikono miwili. Nikamngojea Ouma mlangoni siku aliyorudi, sikumpa hata nafasi ya kukaa.

"Hesabu gemu za Athieno," nikamwambia. "Kibegi kizima. Halafu hesabu hizi."

Alichukua kaseti, akaichomeka, akaanza kushuka kwenye orodha. Alishuka polepole, pedi juu ya magoti yake membamba. Nilikuwa nasubiri akubali kushindwa. Baadaye kidole chake kikasimama.

"Aji, angalia. Hii ni vifaru, eh? Sasa angalia hii ya chini, jina ingine. Ni vifaru tu. Wameanzia mbele kidogo. Hii pia. Hii pia. Ziko gemu chache sana humu, wanazirudia rudia na kuzipa majina."

Nilimnyang'anya pedi nikajaribu mwenyewe. Vifaru. Vifaru. Bata. Yule anayeruka. Vifaru. Nadhani uso wangu ulimtisha, kwa sababu aliniwekea mkono begani, mkono wake uliokuwa baridi siku zote, akasema haraka haraka, "Lakini bunduki, ile ya Athieno haina. Na yetu ikianguka haiharibiki. Sidii ikikwaruzwa tu, imekwisha." Aliendelea kutafuta uzuri wa mashine yetu mpaka nikaacha kulia. Alikuwa mtu wa namna hiyo, hakuweza kuacha mtu mwingine ashindwe kabisa.

Kabla hawajaenda Tororo mara iliyofuata, nilimfuata Mama jikoni. Alikuwa anatwanga karanga. Nikamwambia, "Mama, mwambie Mjomba atupe ile mashine ya sidii. Ikikaa hapa, Ouma hataenda tena."

Mama aliacha kutwanga. Alinitazama, kisha akainama tena kwenye kinu, akaendelea kutwanga. Nilidhani nimekosea kuomba kitu cha watu.

Lakini walipotoka Tororo safari ile, hawakuja wawili. Athieno alikuwa nyuma yao amebeba mfuko wa sokoni, na ndani ya mfuko, imefungwa kwa leso, ilikuwa ile mashine ya kijivu, na kile kibegi cha zipu, na kadi ndogo ya memori kwenye karatasi. Athieno akaiweka mbele ya Ouma. "Kaa nayo," alisema. "Mimi nina mitihani, siichezi." Alisema bila kumtazama usoni. Mimi nilirukaruka uani mpaka Baba akaniambia ninyamaze. Niliona kwamba Mama amenisikia. Niliona kwamba sasa yamekwisha.

Siku zile ndizo ninazozikumbuka kwa uwazi kuliko maisha yangu mengine yote. Mashine mbili na TV moja yenye mgongo mkubwa. Ouma alifanya mashindano: asubuhi kaseti, jioni sidii, na majirani wanahukumu. Watoto walikaa sakafuni mpaka mlangoni. Tulibadilisha nyaya, ule wa njano, ule mweupe, tukipigana makofi ya mikono. Kwenye sidii, magari yalipanda milima ambayo sikujua kwamba iko duniani. Pedi yake ilitetemeka ukigonga ukuta, na mara ya kwanza niliitupa nikidhani ni stima imenishika. Kaseti ilishinda kwa vicheko. Sidii ilishinda kwa kila kitu kingine, na mimi nilikubali bila uchungu, kwa kuwa sasa zote zilikuwa zetu.

Na niligundua jambo moja ambalo hakuna aliyewahi kulitaja kwenye ubishi wa mashine. Ile ya sidii ikicheza muda mrefu, kifuniko chake kilipata joto. Ouma aliweka viganja vyake juu yake katikati ya mchezo, wakati ikipakia, akafumba macho. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kidogo kwenye viungo. "Hii inajua kazi," alisema. Ya kaseti ilikuwa baridi hata ukicheza kutwa.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, jua limesimama juu ya bati. Baba alikuwa nje na watu wa lori lililokwama. Ouma alikuwa kwenye mashindano ya magari, yuko mbele, mzunguko wa mwisho. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake nakula muhogo. Akanipa pedi.

"Aji, shika."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikadhani ameniheshimu. Nikaishika, nikakaza macho, nikapita kona ile mbaya yenye maji, nikamaliza wa kwanza. Nilipogeuka kumwonyesha, alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, magoti yamefika kifuani, mdomo wazi, hakuna sauti inayotoka.

Nilimwita Mama. Alikuja na mikono yenye unga, akampiga jicho moja tu, akatoka tena akimwita Baba. Baba akaja mbio na dereva mmoja mwenye gari dogo. Mama alikuwa tayari anakunja nguo kwenye mfuko. Nikasimama mbele yake.

"Mama, asiende."

"Toka njiani, Ajiambo."

"Asiende! Mashine iko hapa."

"Mashine gani?"

"Ya Tororo. Iko hapa. Zote ziko hapa. Ouma nakwenda kufanya nini huko?"

Mama alisimama na shati la Ouma mkononi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya vile, na nikiwa mtu mzima sijauona tena. Hakunigombeza. Alinishika kichwa, akanisogeza pembeni kama mtu anavyosogeza kiti.

Baba alimbeba Ouma mikononi. Walipopita karibu na TV, Ouma alifungua macho akanitafuta. "Zima," akasema kati ya meno. "Imechemka. Itaungua."

Nikaizima. Walipoondoka nikabaki na mama wa jirani, aliyenipa chai nisiyoigusa.

Nikafikiri. Ndivyo nilivyokuwa, nilifikiri mpaka nikapata sababu. Kama mashine zote mbili ziko Busia na bado Ouma ameitwa, basi Tororo kuna mashine ya tatu. Mjomba amenunua mpya. Ndiyo maana Athieno alitupa hii ya zamani kirahisi hivyo. Nilikaa mbele ya TV iliyozimwa nikaiunda ile ya tatu akilini. Haihitaji kaseti wala sidii. Haikatiki stima ikienda. Watu wake wana sura kama watu wa kweli na ukiwaita wanageuka. Nilimwonea wivu Ouma, anavyoicheza peke yake. Nilipanga maswali ya kumuuliza akirudi, moja baada ya jingine, na niliyakumbuka yote.

Alirudi kwenye gari la wazi, na watu walikuwa wanaimba.

Tulimzika Buhehe, nyumbani kwa akina Baba, kwenye udongo mwekundu nyuma ya migomba. Watu walikuwa wengi, wa Masinya, wa Mukuju kwa akina Mama, madereva wa malori waliomjua Baba. Mama hakulia kwa sauti kama wanawake wengine. Alikaa chini akiwa amenyoosha miguu, mikono imeachiwa mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Baba alikuwa anashughulika na maturubali, na viti, na mahali pa magari, na kila mtu alipojaribu kumkalisha aliona kiti kingine cha kuhamisha.

Nilimkuta Athieno nyuma ya jiko, anaosha sahani. Alikuwa amejifunga leso kiunoni kama mtu mzima. Nikasimama karibu naye mpaka akainua kichwa.

"Athieno, ile ingine iko wapi?"

"Ingine gani?"

"Mashine. Ile mpya. Ile ilimfanya Ouma akwende."

Hakuelewa mwanzoni. Nilimweleza yote, ya kaseti, ya sidii, ya kuitwa, ya mashine ya tatu ambayo haikatiki. Nilieleza vizuri kwa sababu nilikuwa nimejiandaa. Sahani ilikuwa mkononi mwake na maji yanamwagika kwenye miguu yake.

"Aji," akasema, "hakuna mashine ingine."

"Mjomba hajanunua?"

"Hakuna. Mashine ni ile niliwaletea. Hakuna ingine." Akaiweka sahani chini. "Ouma alikuwa mgonjwa. Damu yake ilikuwa mgonjwa. Huko alikuwa analala kwa kitanda cha hospitali, hata kukaa hawezi. Kwetu alikuwa anacheza siku mbili tatu, akipata nguvu ya kushika pedi. Hakuna kitu kilikuwa kinamwita."

Nilimwamini. Wakati mwingine nafikiri hilo ndilo jambo baya zaidi lililonipata, kwamba nilimwamini papo hapo, bila kubisha, mimi niliyekuwa nabishana juu ya kila kitu. Kumbe nilikuwa najua. Kwenye kona moja ya kichwa changu nilikuwa najua tangu siku ya kwanza, na ubishi wote ule wa kaseti na sidii ulikuwa kelele ya kunizuia nisisikie.

Athieno hakuichukua mashine yake. Ilibaki kwetu pamoja na ile ya kaseti, juu ya kabati, zimefunikwa kitambaa. Mvua zikaja, siafu wakaingia ndani ya moja, sijui ipi. Baba aliacha kuvuka upande ule wa Kenya kwenye maduka yale ya gemu, akamtuma mtu mwingine kufuata gundi. TV ikaharibika na hakuna aliyeuliza fundi. Nyumba yetu ilikuwa na watu watatu waliopishana kwa adabu kama wapangaji. Nilikwenda shule, nikafaulu, nikafeli, nikapata kazi, nikaolewa, na katika yote hayo sikuwahi kukaa mbele ya gemu tena. Watoto wa wenzangu wakinipa pedi nasema sijui kucheza.

Baba naye amekwisha kwenda. Mama bado yupo Busia, mwanamke mnene mwenye magoti mabaya. Kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kuzungumza juu ya Jumapili ile. Jioni ya siku niliyotoka kwa fundi nikapita kwake. Sijui kwa nini nilisema. Tulikuwa tumekaa barazani, yeye anachambua maharage, nikamwambia tu, "Mama, unakumbuka nilisema asiende, mashine iko hapa?"

"Nakumbuka."

"Nilidhani Tororo Ouma anafuata mashine. Nilidhani ikija hapa hataumwa tena."

Nilitegemea kwamba atashangaa, au atanionea huruma, au pengine atacheka kidogo, maana imekuwa zamani. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Unafikiri nani alienda kumpigia kaka yangu magoti kwa ile mashine?" alisema. "Na mimi nilikuwa mtu mzima. Daktari alikuwa ameniambia yote, kwa Kiswahili, na Kidhopadhola pia, nisije nikasema sikuelewa. Nikatoka kwake nikaenda kwa Athieno, nikamwambia mtoto wa watu, nipe mashine yako, Ouma akifurahi hatarudi hapa."

Akaokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa uani.

"Ulipokuja jikoni ukaniambia maneno yale," akasema, "nilisema moyoni, hata mtoto ameona. Basi ni kweli."

Giza lilikuwa linaingia na hatukuwa tumewasha taa. Mama aliendelea kuchambua kwa vidole, bila kuona tena, na mimi nikakaa pale namsikiliza.